Mtoto Akigeuza Herufi, Tusimpige

Ndugu wazazi, na ninyi wahitimu wenzetu wa kisomo,

Leo tunataka tuzungumze jambo dogo, lakini limewaliza watoto wengi. Ni jambo la mtoto kuandika herufi na tarakimu kinyume.

Mtoto amerudi kutoka shule. Baba anamwambia, "Haya, andika neno baba." Mtoto anaandika "dada". Anaambiwa aandike 3. Anaiandika, lakini midomo yake miwili imefunguka kulia badala ya kushoto. Baba anakasirika. "Mjinga wewe! Kila siku unafundishwa!" Kofi linafuata.

Sasa tuulizane: mtoto huyu ana kosa gani?

Tangu azaliwe, mtoto anajifunza kutambua vitu. Mbuzi akitazama mashariki ni mbuzi. Akigeuka akatazama magharibi, ni mbuzi yule yule. Kikombe mkono wake ukiwa kulia au kushoto, bado ni kikombe. Kwa hiyo ubongo wa mtoto umezoea kutojali upande. Hiyo ni akili, wala si ujinga. Bila hiyo, kila kitu kikigeuka kingekuwa kigeni.

Kisha anaanza kusoma, na mambo yanabadilika. Kijiti chenye tumbo upande wa kulia ni b. Tumbo likihamia kushoto, ni d. Nyumbani hajaona kitu chochote kinachobadili jina kwa sababu tu kimegeuka! Basi inambidi aache mazoea aliyokuwa nayo tangu utotoni. Hilo halifanyiki kwa siku moja.

Tena, herufi nyingi zinatazama kulia. Angalieni B, E, F na K. Mtoto anazoea hivyo bila kuambiwa, naye anadhani kila alama itazame kulia. Ndiyo maana anazigeuza sana zile zinazotazama kushoto, kama 3, 7 na J.

Watoto wengi wa miaka 4 hadi 7 hufanya hivyo, wanaotumia mkono wa kulia na wanaotumia wa kushoto. Wengi huacha kadiri wanavyozoea kusoma na kuandika. Zamani wataalamu wengine walitia shaka. Mwaka 1925 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Orton, aliandika kwamba kugeuza herufi kunatokana na pande mbili za ubongo kutopatana. Baadaye ilionekana kuwa hata watoto wanaokuja kusoma vizuri kabisa huanza kwa kugeuza.

Na sisi tuliojifunza ukubwani, tusijisahau. Wachunguzi wamewapima watu wazima. Wale wasiojua kusoma walipata taabu zaidi kutofautisha umbo na sura yake ya kwenye kioo kuliko wale wanaojua. Maana yake ni kwamba jicho la kutambua upande huletwa na kusoma kwenyewe. Je, sisi hatukuchanganya b na d darasani? Mbona mwalimu hakutupiga kofi?

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusimpige wala tusimcheke. Mtoto mwenye hofu huchukia kalamu.

Pili, tusimfundishe b na d siku moja. Aizoee b kwanza, ndipo tumletee d.

Tatu, aandike kwa kidole mchangani, herufi kubwa kubwa, huku akisema. Kwa b aseme, "Kijiti kwanza, kisha tumbo." Kwa d aseme, "Tumbo kwanza, kisha kijiti." Mkono utakumbuka hata akili ikisahau.

Nne, akikosea tumwambie kwa upole, "Hebu tazama tena, tumbo linaelekea wapi?" Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe.

Tano, akishapita miaka 8 na bado anageuza sana, na kusoma kunampa taabu, tuzungumze na mwalimu wake. Macho yake pia yapimwe. Hata hapo fimbo si dawa.

Ndugu zetu, jioni ya leo mtoto akikuletea daftari lenye 7 iliyogeuka, usimwite mjinga. Mkalishe karibu nawe, chukueni kijiti, mwandike pamoja mchangani. Wewe ulivumiliwa ukajua. Naye mvumilie, atajua.