Kifurushi Kinapovuka Mpaka, Huvuka kwa Jina la Nani?



Mmezoea kutuona tukija kwa habari za wizi au ugomvi wa mashamba. Leo tumekuja kwa jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: vifurushi vya bidhaa zinazonunuliwa kwa simu, kwa njia ya intaneti, kutoka nchi za mbali.

Mwenendo wake mnaufahamu. Mkazi wa upande wa Uganda huchagua bidhaa, na anapotaka kulipa huarifiwa kwamba duka halipeleki bidhaa hiyo Uganda. Basi humtafuta jamaa au rafiki aliye upande wa Kenya, huandika jina na anwani yake, na mzigo ukifika hutumwa mwendesha pikipiki akauchukue. Wengi huuona huo kuwa msaada wa kawaida kati ya majirani, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Lakini kabla ya kulizunguka katazo la duka, yafaa kujua limetokana na nini, kwa kuwa sababu zake hazilingani uzito.

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara tu. Muuzaji hana msafirishaji wa kumtegemea katika nchi yetu, au hana njia ya kupokea bidhaa inayorudishwa. Hapo hakuna sheria inayovunjwa mtu akipokelewa mzigo na ndugu yake, mradi mzigo huo utangazwe forodhani unapovuka.

Sababu ya pili ni usalama wa safari. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kubebwa kama shehena katika ndege za abiria, kwa kuwa zinaweza kuwaka moto. Pawabenki za kuchajia simu zimo katika kundi hilo. Manukato na makopo ya kupuliza nayo yana masharti yake. Anayemshawishi muuzaji aandike kwamba ndani mna nguo, ilhali mna betri, anahatarisha maisha ya watu asiowajua.

Sababu ya tatu ni sheria za nchi zetu wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku na zile zinazohitaji kibali. Miongoni mwa zilizopigwa marufuku ni bidhaa bandia, na sabuni na vipodozi vyenye zebaki, ambavyo baadhi ya watu huagiza ili kung'arisha ngozi na ambavyo huweza kudhuru figo. Silaha, risasi na pembe za ndovu zimo katika orodha ya vibali. Dawa za tiba nazo haziingizwi kwa biashara bila idhini ya mamlaka ya dawa. Kwa bidhaa za namna hii, anwani ya jirani haibadilishi kitu. Kilichokatazwa Uganda kimekatazwa hata kikipitia kwa shangazi.

Tunaomba pia tuondoe dhana moja inayowaletea wengi hasara. Mnajua kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa, akavuka bila ushuru wa forodha. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, nazo ziwe katika orodha inayokubaliwa. Simu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imelala usiku mmoja katika duka la Busia. Sheria hutazama ilikotengenezwa, wala si ilikopokelewa. Kwa hiyo anayeleta bidhaa ya namna hiyo Uganda ni lazima aitangaze, pamoja na risiti ya bei ya kweli, ili akadiriwe anachodaiwa. Anayenunua kwa simu basi ajumlishe kodi hizo katika hesabu yake kabla ya kulipa, badala ya kuzikumbuka akiwa amefika kizuizini.

Sasa tufike kwenye swali lililotuleta hapa: likitokea tatizo, nani ataulizwa? Wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kifurushi, kwa kuwa ndilo lililo katika kumbukumbu za muuzaji na za msafirishaji. Wa pili ni yule aliyekutwa nacho mkononi. Kifungu cha 200 cha sheria tuliyoitaja kinamgusa anayekutwa na bidhaa za magendo akiwa anajua, au akiwa alipaswa kujua. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa inayotozwa ushuru, au vyote viwili. Chombo kilichobeba mzigo nacho chaweza kutaifishwa.

Vijana wetu, jina la boda boda lilizaliwa katika mpaka huu, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka kituo kimoja hadi kingine. Ni kazi ya heshima. Tungesikitika mno kuona pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo ikichukuliwa kwa ajili ya boksi ambalo mwenyewe amekaa nyumbani akisubiri. Kabla ya kubeba, ulizeni mambo matatu: ndani mna nini, ni cha nani, na karatasi yake iko wapi. Ombeni kifunguliwe mbele yenu. Anayekataa kufungua amekwisha kuwajibu.

Nanyi mnaotoa majina yenu, msimpe jina mtu ambaye hamjui anachoagiza, hata akiwa na maneno matamu na nauli ya juu.

Wako pia matapeli wanaotumia hofu hii. Hutuma ujumbe kwamba kifurushi chako kimezuiliwa forodhani, ukitakiwa kutuma fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kodi ya URA hulipwa kwa namba ya malipo ambayo wengi huijua kwa herufi PRN, kupitia benki au simu, wala haitumwi kwa mtu. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usilipe. Uhifadhi, uulete kituoni.

Ndugu zetu, tangu Februari 2018 tunacho kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja na msafiri hukaguliwa katika nchi anayoingia. Aliye na mzigo halali hana haja ya njia ya panya. Aliye na shaka na aulize kabla ya kuagiza. Milango yetu i wazi, na kuuliza si kosa.