Wakala wa Matangazo na Mali ya Chama

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe za kutimiza miaka kumi, Mwanza)



Walionitangulia wamekwisha eleza habari za magunia na maghala. Mimi nimeombwa niseme juu ya kuutangaza mchele wetu katika mitandao ya kijamii, na hasa juu ya desturi ya kutumia akaunti za mawakala wa matangazo. Huenda mzee mmoja akajiuliza, jambo hili lamhusu nini mtu mwenye jembe? Namwomba anivumilie, maana lamhusu sana.

Yafaa tuanze na historia yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Usukuma alipopeleka pamba yake sokoni, mnunuzi ndiye aliyeshika mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyeandika. Malalamiko yakawa mengi. Mwaka 1952 wakulima wa Jimbo la Ziwa wakaunda chama chao, na Bwana Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao wakuu. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, makao yake yakiwa hapa Mwanza. Wazee wale walijua kwamba pamba haiuzwi bila kupimwa. Walichotaka ni kuishika mizani wenyewe.

Leo mizani imebadili sura. Mama mwenye duka Dar es Salaam au Dodoma hatujui kwa macho; hutuona katika simu yake. Wahenga wa sokoni husema biashara matangazo, nao hawakukosea. Lakini ni lazima tujue tangazo la kulipia katika Facebook au Instagram lina sehemu gani. Kwanza uko ukurasa, yaani duka letu, ambamo wateja hutuona na kutuandikia. Pili iko akaunti ya matangazo, ambamo huamuliwa tangazo lionwe na watu wa mji gani na wa umri gani, na ambamo kumbukumbu zote za kazi hiyo huwekwa. Tatu iko njia ya malipo. Sehemu hizi tatu zaweza kuwa za mtu mmoja, au kila moja ikawa na mwenyewe.

Wakala wa kweli ana faida, wala sitaki kumvunjia heshima. Akaunti mpya kwa kawaida huwekewa kikomo kidogo cha matumizi, nayo mara nyingi yahitaji kadi inayokubaliwa nje ya nchi. Wakala hulipia kwa njia yake, nasi twamlipa kwa shilingi. Isitoshe, ana watu wanaojua kupiga picha, kuandika, na kusimamisha mapema tangazo lisilozaa.

Sasa nalazimika kusema jambo ambalo ni aibu yangu mwenyewe. Katika mwaka wa saba wa Chama hiki tulimwajiri wakala mmoja. Mkataba niliutia sahihi mimi. Niliisoma bei mara tatu, lakini sikuuliza ukurasa utakuwa wa nani. Wakala akaufungua kwa jina lake, na matangazo yakapitia katika akaunti yake. Mambo yakaenda vizuri hata tukaanza kujisifu. Kisha tukahitilafiana juu ya hati moja ya malipo, naye akatufungia mlango. Ulikuwa wakati wa mavuno. Wateja waliendelea kutuandikia, barua zao zikaingia katika nyumba ambayo hatukuwa na ufunguo wake. Mchele ulikaa ghalani, na mwishowe tukaumwaga kwa mlanguzi kwa bei aliyoitaka yeye. Wanachama wa vyama vitatu walichelewa kupata malipo ya pili, na wengine wao wameketi hapa leo. Nawaomba radhi mbele ya mkutano huu.

Hata kama wakala wetu angekuwa mwema, hatari ingekuwapo. Akaunti ya wakala huweza kutumiwa na wateja wake wengi. Mmoja akitangaza dawa za uongo na kampuni ya mtandao ikaifunga akaunti hiyo, tangazo la mchele wetu nalo husimama, ijapokuwa hatuna kosa. Tena, tukiachana na wakala huyo, kumbukumbu za matangazo hubaki kwake, nasi twaanza upya kama mtu anayefyeka pori alilokwisha lifyeka. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matano, ili Mkutano Mkuu uyapime kabla ya kuamua kama tuajiri wakala tena.

La kwanza, ukurasa na akaunti vifunguliwe kwa jina la Chama na kwa anwani ya ofisi, na wenye mamlaka juu yake wasipungue wawili. Katibu akifukuzwa au akifa, asiondoke na ufunguo.

La pili, wakala apewe ruhusa ya kufanya kazi ndani ya akaunti yetu. Mitandao mikubwa huruhusu jambo hilo, na ruhusa hiyo twaweza kuiondoa siku yoyote. Kibarua huingia shambani, wala shamba haliwi lake.

La tatu, ada ya wakala iandikwe mbali na fedha ya tangazo lenyewe, na hati za kampuni ya mtandao ziletwe ofisini. Wakaguzi wa COASCO wakija, wasikute neno moja tu, "matangazo", mbele ya mamilioni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne, picha na namba za simu za wanachama zisitumiwe bila idhini yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatudai hivyo, na adabu ilitudai hata kabla yake.

La tano, tuhesabu magunia. Wakala hupenda kutuletea idadi ya watu waliopendezwa. Natoa mfano: tukitumia shilingi 300,000, watu 40 wakauliza bei, na 6 wakanunua, basi kila mnunuzi ametugharimu shilingi 50,000. Ikiwa alichukua mfuko mmoja wa kilo 25 asirudi tena, tumepata hasara, hata kama watu elfu tano waliusifu mchele. Ikiwa ni mwenye duka achukuaye mifuko ishirini kila mwezi, tumepata faida. Hesabu hii kila mjumbe aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Ndugu wanachama, vyama vikuu vya nchi hii vilivunjwa mwaka 1976, na wakulima wakangoja hadi miaka ya 1980 kuvipata tena. Wazee wetu walijifunza kwamba kitu kisichoshikwa na wenyewe huondoka kwa urahisi. Sisi tumepata funzo dogo la namna hiyo, nalo limetugharimu msimu mmoja. Tukiajiri wakala tena, na tumwajiri kwa moyo mweupe, tumlipe haki yake, tumsikilize anapotushauri. Lakini mizani ikae ofisini kwetu, na kila mwanachama awe na haki ya kuja kuisoma.