Flashi Ikigoma Kufunguka: Tusikimbilie Kusema "Ndiyo"

(Mada iliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo kwa makatibu na watunza hazina wa kamati za parishi, Mpwapwa)

 

Kila robo mwaka mnatuletea taarifa kutoka Kibakwe, Rudi, Godegode na kwingineko. Wengi wenu mnazileta kwenye flashi, iliyokaa mfukoni pamoja na sarafu na funguo, safari nzima katika vumbi letu hili mnalolijua. Tunaichomeka, na mara nyingine kompyuta inatoa ujumbe kwamba diski hiyo ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Kisha inauliza: je, unataka kuifomati?

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Siku moja ujumbe huo ulitutokea, nasi tukabofya "ndiyo". Ndani ya flashi ile mlikuwa na hesabu za michango ya kisima cha kijiji: nani alitoa fedha, nani alitoa debe la mahindi, nani alichimba mtaro. Flashi ikafunguka, lakini tupu. Kamati ikalazimika kukaa upya na vitabu vya stakabadhi, na wale waliochangia kwa mahindi na kwa nguvu zao tukawafuata nyumba kwa nyumba. Taarifa ya wafadhili ilichelewa. Lakini lililotuuma zaidi ni swali la bibi mmoja: "Kwa hiyo debe langu halipo tena?"

Tangu siku hiyo tumejifunza haya tunayowaeleza leo.

Ujumbe ule maana yake nini?

Fikirini rejista ya ubatizo yenye orodha ya majina mwanzoni, inayoonyesha kila jina liko ukurasa gani. Flashi nayo ina orodha ya namna hiyo. Mtu akiichomoa wakati kompyuta bado inaandika, au umeme ukikatika katikati ya kazi, orodha huweza kuharibika. Kompyuta ikikosa kuisoma hudhani hakuna kitu, ndipo huomba kuanza orodha mpya. Kumbe kurasa zenyewe mara nyingi bado zipo. Kufomati kwa haraka hufuta orodha tu, lakini kufomati kamili, kuanzia Windows Vista na kuendelea, huandika sifuri juu ya kila ukurasa. Hapo hakuna fundi atakayeokoa kitu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: bofya "hapana", na usiandike chochote kipya kwenye flashi hiyo.

Hatua za kufuata

Kwanza, ichomoe, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha ijaribu kwenye tundu jingine. Kwa kompyuta ya mezani tumia tundu la nyuma, kwa kuwa yale ya mbele huunganishwa kwa waya ambao huweza kulegea.

Pili, ijaribu kwenye kompyuta nyingine iliyo mpya zaidi. Huenda flashi ni nzima ila kompyuta haiifahamu lugha yake. Flashi iliyoandaliwa kwa kompyuta za Mac huweza kuleta ujumbe uleule kwenye Windows. Vivyo hivyo mpangilio uitwao exFAT, uliotoka mwaka 2006, hausomeki kwenye Windows XP isipokuwa imeongezewa programu yake. Wafadhili wetu, mkituletea picha za ziara yenu kwenye flashi, tafadhali kumbukeni jambo hilo.

Tatu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha linaloonyesha diski zote. Tazama tu, usibadilishe kitu. Ukiombwa kuiandaa diski upya, kataa vilevile. Kama flashi inaonekana kwa ukubwa wake sahihi na pembeni pameandikwa RAW, yaelekea orodha imeharibika na matumaini yapo. Kama ipo salama ila haina herufi, ipe herufi, nayo itafunguka. Kama inaonyesha haina kitu kabisa ndani, au haionekani kwenye kompyuta yoyote, basi yaelekea ugonjwa uko kwenye vifaa vyake vya umeme, na programu haitasaidia.

Nne, kwa flashi yenye orodha iliyoharibika, zipo programu za bure, TestDisk na PhotoRec. TestDisk hujaribu kurudisha orodha. PhotoRec hupekua kurasa na kutoa mafaili, ingawa majina yake ya awali hupotea. Mafaili yanayookolewa yahifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi ileile, maana yatafunika yale ambayo hayajaokolewa. Asiye na uzoefu atuletee sisi.

Tano, flashi ikifunguka lakini mafaili yamegeuka kuwa njia za mkato, hao ni virusi, ambao huenezwa sana na kompyuta zinazotumiwa na watu wengi, kama zile za steshenari. Usibofye njia hizo. Mara nyingi mafaili yako yamefichwa tu. Flashi isafishwe kwa programu ya kuzuia virusi, kisha mafaili yafichuliwe.

Jihadharini pia na flashi za bei ya kutupa. Zipo za bandia zilizoandikwa gigabaiti 64 ilhali uwezo wake wa kweli ni mdogo sana. Hupokea mafaili bila kulalamika, kumbe yale ya mwisho hayakuhifadhiwa popote.

Kabla ya kuikabidhi kwa fundi

Ndugu zetu, baadhi ya flashi hizi zina majina ya yatima, ya wagonjwa na ya familia tunazozisaidia. Mtu alitueleza shida yake kwa kutuamini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inatuhusu. Flashi ya namna hiyo isiachwe mezani kwa fundi yeyote ukaambiwa "njoo kesho". Ni heri kuchelewesha taarifa kuliko kuanika siri ya mjane.

Kinga

Flashi ni kikapu cha kubebea. Si kihenge cha kutunzia. Hakuna mkulima wa Mpwapwa anayeweka mavuno ya mwaka ndani ya kikapu kimoja akakiacha njiani. Basi tunaomba kila kamati ifanye haya:

1. Hesabu ziwe na nakala tatu: kwenye kompyuta ya parishi, kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, na moja katika ofisi yetu.

2. Kabla ya kuchomoa flashi, iamuru kompyuta iitoe kwa usalama, na usubiri ikuruhusu.

3. Kila mwisho wa mwezi chapisheni ukurasa wa hesabu, mwenyekiti na mtunza hazina watie sahihi. Karatasi haihitaji umeme ili isomeke.

4. Michango ya mazao na ya nguvu kazi nayo iandikiwe stakabadhi.

Nanyi wafadhili, tunawaomba mnapopitisha bajeti ya mradi msione diski ya nje kuwa ni anasa. Bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kuandika hesabu upya.

Mwisho, yule bibi tulimrudia. Jina lake limo tena kwenye daftari, na debe lake limeandikwa, safari hii kwa wino na kwenye kompyuta. Wamisionari wa CMS walipofika hapa Mpwapwa mwaka 1876 hawakuwa na flashi, lakini wao na sisi tunadaiwa jambo lilelile: uaminifu katika yaliyo madogo. Debe la bibi ni moja ya hayo madogo.

Mungu awabariki. Sasa tunakaribisha maswali, na mwenye flashi iliyogoma ailete hapa mbele.