KURA NI YA MWENYEWE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Sekei, Arusha)



Leo hatukuja kuwasifu viongozi wala kuwasema watu wa vyama vingine. Tumekuja kusema juu ya wenzetu ambao hawamo humu ndani, ingawa kadi wanazo na ada wanalipa. Itazameni ngazi tuliyoipanda kuingia ukumbini. Mtu wa magongo ataipandaje? Na yule wa kiti cha magurudumu, tumbebe mgongoni kama gunia la mahindi? Basi wamebaki majumbani mwao, nasi tumehesabu vichwa tukasema akidi imetimia. Haikutimia, ndugu zangu. Tumehesabu miguu.

Sisi watu wa chini ya Mlima Meru twaijua thamani ya sauti. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Kura hawakuwa nayo. Hata hivyo hawakukubali kunyamaza, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, kule New York, akawasemea watu wake.

Ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, mlango ulifunguliwa kidogo tu. Mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na cheo kinachotambuliwa. Tena alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa rangi zao: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wazee wetu wengi waliachwa nje. Waliambiwa hawajafaa, ati wangoje. Neno hilo liliwachoma, na hawakulisahau.

Tulipojitawala, neno hilo tulilitupa. Mwaka 1965 wagombea wawili waliposhindana katika jimbo, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Hakuna aliyesema asiyesoma abaki nyumbani. Karatasi ndiyo iliyobadilishwa imfae mtu. Tulikumbuke jambo hilo, maana ndilo tunalolidai leo.

Sheria ya leo yasemaje? Katiba yasema raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Asiyeona anaruhusiwa kuingia kituoni na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kipo pia kifaa cha nukta nundu kwa wale wanaojua kuzisoma. Na maelekezo ya Tume ya Uchaguzi yanataka wenye ulemavu, wazee, wajawazito na wanaonyonyesha wapewe nafasi ya kwanza kwenye mstari. Wala hatusemi juu ya watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Ni zaidi ya mmoja katika kila kumi.

Basi shida iko wapi? Shida iko kati ya nyumba na kituo, na kati ya mkono na karatasi.

Kwanza, njia. Sekei yetu ni ya miteremko. Wakati wa mvua, njia zetu za ndani hata mwenye miguu miwili huzipita kwa kushika ua wa jirani. Kituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Asiyepata wa kumsukuma, au nauli ya bodaboda, siku imemwishia mlangoni pake. Tena jambo lenyewe huanza mapema zaidi, siku za kuandikisha, maana asiyemo katika daftari hana kura. Wako waliofichwa vyumbani na jamaa zao, jina halimo mahali popote. Katiba inautaja ugonjwa wa akili miongoni mwa mambo ambayo Bunge laweza kuyatungia sheria ya kumzuia mtu kupiga kura. Lakini haikumpa jirani wala ndugu ruhusa ya kumfuta mtu kwa sababu ana kifafa, au anasema kwa taabu, au anatembea akiyumba.

Pili, siri. Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika kazi hii ya kupanga wapiga kura tulizoea kuwahesabu wasioona kuwa ni wetu kabla hawajafungua kinywa. Siku moja tulimwendea mzee mmoja asiyeona, tukamwambia kwa furaha kwamba tumekwisha mpangia kijana wa chama wa kumshika mkono hadi kituoni na kumwekea alama. Mzee akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wanangu, nakwenda kupiga kura, au kupigiwa?" Tukakosa la kujibu. Siku ilipofika alikwenda na mjukuu wake. Mpaka leo hatujui alimchagua nani, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Ndugu zangu, anayemsaidia mtu akamwibia uamuzi wake hana tofauti na yule aliyewaambia wazee wetu kwamba hawajafaa. Tena yeye ni mbaya zaidi, maana anacheka naye njiani.

Tatu, kusikia. Twapiga kipaza sauti mtaa mzima, tukidhani kila mtu amepata habari. Kiziwi anatuona tukifungua na kufumba midomo tu. Anachagua vipi watu ambao hajui wamesema nini? Wala tusiseme hatuna wa kutufundisha. Hapo Tengeru, mwendo mfupi kutoka hapa, kipo Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Wanaojua lugha ya alama na nukta nundu ni jirani zetu. Tuliopita vyuo vya ualimu twajua kwamba mtoto asipoelewa, mwalimu hutafuta njia nyingine ya kueleza. Na chama kifanye vivyo hivyo.

Nne, kuchaguliwa. Kwa sheria zetu hakuna mgombea binafsi. Kila mgombea hupitia chama. Kwa hiyo chama kikimfungia mtu mlango, hana mlango mwingine wa kubisha. Twawasikia watu wakinong'ona, "Huyu ni mtu mwema, lakini ataonekanaje jukwaani?" Tuwajibu kwa mambo yaliyotokea. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa Mbunge. Mwaka 2010, katika miaka ambayo wenye ualbino walikuwa wakiuawa kwa imani za kishirikina, watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, naye mwenye ualbino, awe Mbunge wao. Hawakumpa kiti kwa kumhurumia. Walimpa kura.

Wengine watasema, "Mambo haya ni mazuri, lakini fedha hatuna." Fedha gani? Kuuhamisha mkutano kutoka ukumbi wa juu kwenda chini ya mti kwahitaji shilingi ngapi? Ubao wa kuwekwa juu ya ngazi mbili ni kazi ya asubuhi moja ya seremala. Tulichokosa ni kukumbuka tu, na kukumbuka hakuuzwi dukani.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu, tuyaamue leo kabla ya kuondoka. Mkutano ujao ufanyike uwanjani, mahali ambapo kila mtu atafika. Kila kiongozi wa shina azunguke nyumba zake, aulize kama kuna mtu mzima ambaye jina lake halimo katika daftari la wapiga kura, naye akiwepo, asaidiwe siku za kuandikisha zitakapofika. Na siku ya kura, wenye pikipiki na magari kati yetu wawafikishe vituoni wale wasioweza kutembea, na kuwarudisha.

Katika hilo la tatu twaongeza sharti moja, nalo ndilo gumu. Tusiwaulize watampigia nani. Tuwapeleke wote, wa chama chetu na wa vyama vingine, na yule asiye na chama. Tunajua wengine wenu mmekunja uso. Mwaona ni ujinga kumbeba kwa petroli yako mtu atakayekunyima kura. Lakini wazee wetu hawakudai kura iwe ya watu wanaokubaliana nao. Waliidai iwe ya kila mtu. Tukiwabeba walio wetu tu, tutakuwa tumebeba kura, hatukumbeba mtu.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Walio tayari kwa mambo hayo matatu wanyooshe mkono. Na asiyeweza kunyoosha mkono, aseme. Tutamhesabu.