Ruta Mpya, Vishikwambi vya Zamani: Kasi Inapotelea Wapi?

Mada kwa semina ya walimu wa TEHAMA



Malalamiko yanayosikika mara nyingi mashuleni ni haya: shule imefungiwa ruta mpya, simu ya mwalimu mkuu inafungua video papo hapo, lakini vishikwambi vya maabara vinabaki na kile kiduara kinachozunguka. Basi lawama zinaanza. Huyu anasema ruta ni feki, yule anasema vishikwambi vimechoka, vitupwe. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi vyote viwili ni vizima. Ruta imetoka kiwandani na mipangilio iliyolenga vifaa vya leo, na fundi aliyeifunga aliona taa ya kijani akaondoka.

Vishikwambi tulivyonavyo si vya rika moja. Kuna vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, vikagawiwa walimu, na kuna vya msaada ambavyo umri wake unapita wa baadhi ya wanafunzi wanaovishika. Chukueni Nexus 7 ya 2012. Inasikia masafa ya gigahezi 2.4 tu, yale ya 5, ambayo ndiyo fahari ya ruta mpya, kwake hayapo. Hata ukiiweka mbele ya ruta ya Wi-Fi 6, itazungumza kwa kiwango cha Wi-Fi 4 kilichoidhinishwa mwaka 2009. Kifaa cha aina hiyo chenye antena moja, kwenye chaneli ya upana wa megahezi 20, huishia megabiti 65 hadi 72 kwa sekunde, na zinazobaki kwa kazi yenyewe ni kama nusu. Wakiwa wanafunzi 40 na kila mmoja anafungua video yake, hata megabiti moja kwa kila mtoto haifiki. Hapo msihangaike na mipangilio: wekeni zamu, au pakueni video usiku.

Kabla ya kugusa chochote, pimeni

Simameni mita mbili kutoka kwenye ruta mkiwa na simu mpya mkono mmoja na kishikwambi mkono wa pili. Fungueni taarifa za mtandao wa Wi-Fi kwenye kila kifaa, msome kasi ya muunganisho na masafa, muandike. Halafu nendeni darasani mpime tena. Simu nayo ikiwa nzito pale pale penye ruta, tatizo liko kwenye laini au bando. Mpigieni anayewauzia huduma. Vyote vikienda vizuri karibu na ruta kisha vikazorota darasani, hilo ni suala la kuta na umbali. Wenzetu wenye majengo ya mawe na chokaa, kama ya Mji Mkongwe, wanajua gigahezi 5 inavyoishia mlangoni. Tunachokitafuta leo ni kishikwambi kinachosuasua peke yake, mita mbili tu kutoka kwenye ruta.

Ulinzi uliolegezwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo panapoharibiwa zaidi, tena na watu wenye nia njema. Ruta nyingi mpya huja na ulinzi wa WPA3, uliotangazwa 2018, au mchanganyiko wake na WPA2. Kishikwambi cha zamani kikiukuta, huenda kikakataa kuunganishwa, au kikaunganishwa na kukatika kila mara. Mwalimu anamwita fundi. Fundi anaingia kwenye ukurasa wa ruta, anashuka mpaka kwenye chaguo la zamani kabisa, WPA yenye TKIP, na vishikwambi vinakubali vyote. Makofi! Wiki inayofuata kila mtu analalamika mtandao ni mzito.

Sababu ni kwamba kanuni za Wi-Fi haziruhusu kasi za Wi-Fi 4 zitumike pamoja na TKIP wala WEP. Kifaa kikiingia kwa njia hiyo kinarudishwa kwenye kasi za kale, ambazo kilele chake ni megabiti 54, na kwa matumizi halisi ni nusu ya hapo au pungufu. Wakati huohuo mlango wa shule umeachwa na kufuli bovu. Chaguo sahihi ni WPA2 yenye AES peke yake. Na kama kuna kitufe cha WMM kimezimwa, kiwasheni. Bila WMM nako kasi inagota kwenye 54.

Jina la pili

Ruta mpya hupenda kuyapa masafa yote mawili jina moja, kisha yenyewe iamue nani aende wapi. Kwa simu za sasa ni jambo jema. Kwa kishikwambi kisicho na gigahezi 5 ni usumbufu, maana ruta inaweza kukipuuza kwanza ikidhani kitahamia huko. Mimi hutenganisha: mtandao mmoja wa gigahezi 2.4 wenye jina lake, upana megahezi 20, chaneli 1, 6 au 11, iliyo na majirani wachache. Chaneli 12 na 13 ziacheni, kwa sababu vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida havizioni, na vya msaada vingi vinatoka huko.

Zimeni pia kasi za 802.11b, isipokuwa kama mna printa ya kale inayozitegemea. Pakiti ya baiti 1,500 ikitumwa kwa megabiti 1 inakalia hewa milisekunde 12. Kwa megabiti 65 haifiki hata milisekunde moja. Wakati huo wote wengine wanasubiri.

Halafu angalieni nyuma ya ruta. Diski au modemu ya USB 3.0 iliyochomekwa pale hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4 hiyohiyo. Isogezeni kwa waya.

Pasipo kosa la Wi-Fi

Kuna kishikwambi kitakachofaulu vipimo vyote na bado kurasa hazifunguki. Tazameni saa yake kwanza. Betri ikiisha kabisa tarehe hurudi miaka nyuma, na tovuti salama zinakataliwa. Saa ikiwa sawa, angalieni toleo la Android. Yaliyo chini ya 7.1.1 hayana cheti kikuu cha sasa cha Let's Encrypt, ambayo hutoa vyeti vya usalama bila malipo kwa tovuti nyingi mno, na daraja la muda lililowekwa kwa ajili yao lilikoma 30 Septemba 2024. Kivinjari cha Firefox hubeba orodha yake ya vyeti, kwa hiyo toleo linalokubali kifaa hicho husaidia. Lakini kishikwambi kama hicho kibaki cha kusomea. Kisiingizwe akaunti za fedha za shule.

Na kumbukumbu ikijaa kifaa kinakuwa kizito hata bila intaneti. Futeni picha na programu zisizotumika, kisha mpime tena.

Baada ya chai tutagawana makundi. Kila kundi litachukua kishikwambi kimoja na kuandika kasi ya muunganisho na masafa kabla sijagusa ruta hii iliyo mezani, ambayo sasa hivi iko kwenye TKIP. Nikishabadilisha, mtaandika tena, na kundi ambalo namba zake hazitapanda ndilo tutakaloanza nalo kwenye maswali.