Kifafa Kisichosikia Dawa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Naivasha)



Tumekuja kwenu kwa ajili ya jambo moja. Kikundi kimoja cha akina mama hapa kwetu kilitaka kuitisha harambee. Mwenzao ana kijana wa miaka 19 anayeugua kifafa tangu utotoni. Walisikia kwamba ng'ambo watu hutiwa mashine kichwani, na kifafa kinatulia. Mama huyo alikuwa tayari kuuza ng'ombe wake wawili na kipande cha shamba. Wakatuuliza: Je, habari hii ni kweli?

Ni kweli. Lakini kwanza tuielewe.

Ubongo wa mtu hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kifafa ni pale umeme huo unapovurugika ghafula, mtu akaanguka au akaduwaa. Si pepo, si laana, na povu la mgonjwa haliambukizi mtu.

Katika matibabu hayo mapya, daktari wa upasuaji hupitisha nyaya mbili nyembamba hadi ndani ya ubongo, na betri huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Mashine hutoa umeme kidogo kidogo ili kutuliza ule uliovurugika. Marekani iliruhusu matibabu haya kwa watu wazima wenye kifafa mwaka 2018. Mwaka 2023, kwa majaribio, madaktari wa hospitali ya Great Ormond Street, London, walimtia mvulana mmoja mashine ndani ya mfupa wa fuvu.

Je, mashine huponya? Hapana, hupunguza. Huko Marekani watu 110 walitiwa mashine hiyo katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010. Baada ya miaka miwili, mgonjwa wa kawaida kati yao alikuwa amepunguziwa zaidi ya nusu. Yaani, aliyekuwa akianguka mara kumi, sasa mara nne au tano. Ni wachache tu waliokaa miezi bila kuanguka. Na vidonge waliendelea kumeza.

Tena mashine si ya kila mgonjwa. Ni ya yule ambaye dawa zimemshinda. Madaktari husema dawa zimeshindwa pale dawa mbili tofauti, zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa sawasawa, zisipozuia kifafa. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu yuko hivyo.

Basi tulikaa na yule mama, akatufungulia mfuko wake wa dawa. Ilikuwa dawa aina moja tu. Hununuliwa pesa zikipatikana. Zisipopatikana, kijana hukaa wiki mbili bila. Na kipimo? Kilekile alichopewa akiwa na miaka saba! Sasa, hapo dawa imeshindwa, au haijatumiwa? Sisi wenyewe tulikuwa tukitembelea boma hilo miaka mitatu, na hatukuwahi kuuliza.

Na jibu liko karibu na sisi. Hapa hapa Nakuru ulifanywa utafiti uliotangazwa mwaka 1991. Watu 302 wenye kifafa walipewa fenobabitoni au karbamazepini, vidonge vya kawaida, na kufuatiliwa karibu na kwao. Watu 249 walimaliza mwaka. Zaidi ya nusu yao hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho. Hapakuwa na mashine wala upasuaji. Vilikuwa vidonge, kila siku, na mtu wa kuwafuatilia.

Kwa hivyo tunawaomba kila kikundi kifanye haya:

1. Andikeni kwenye daftari siku na saa mgonjwa anapoanguka. Daktari anahitaji daftari hilo.

2. Mgonjwa apimwe uzito, na kipimo cha dawa kiangaliwe upya na daktari. Mtoto hukua, dawa haikui naye.

3. Asiache dawa ghafula. Ni hatari, hata kufa anaweza.

4. Fungu dogo la kikundi liwe la nauli na vidonge, ili dawa isikatike mwezi wowote.

5. Dawa mbili zikitumiwa sawasawa na bado anaanguka, msikate tamaa na msinyamaze. Ombeni barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Hapo ndipo habari za upasuaji au mashine huzungumzwa, na mnapotakiwa kuuliza gharama yote: ya kuiweka, ya kuikagua, na ya betri ikiisha.

Yule kijana alipelekwa hospitali, akaongezewa kipimo. Kwa miezi minne daftari lilionyesha ameanguka mara mbili. Zamani ilikuwa kila wiki. Hajapona. Pengine atahitaji dawa ya pili, na pengine siku moja hata hiyo mashine. Lakini ng'ombe wawili wako zizini, na maziwa yao ndiyo yanayonunua vidonge.

Sasa tusikie maswali yenu.