Kidonge cha Usiku wa Mtihani

Kufikia mwaka 1937, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wameshaijua siri ya Benzedrine, dawa ya amfetamini. Idara ya saikolojia ilikuwa ikiijaribu kwa wanafunzi, nao walipoona usingizi unawaruka, wakaanza kuitafuta wenyewe madukani nyakati za mitihani. Jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani likaonya dhidi ya matumizi hayo mwaka uleule. Anayedhani kwamba kusomea kwa kidonge ni ugonjwa wa kizazi cha simu amechelewa sana.

Mwaka huohuo Daktari Charles Bradley wa Rhode Island aliwapa dawa hiyo watoto 30 wenye matatizo ya tabia. Karibu nusu yao walibadilika darasani kiasi cha kuwashangaza walimu: aliyekuwa hakai kitini akatulia, akamaliza kazi yake. Baadaye ikaja Ritalin, dawa nyingine ya kuchangamsha. Mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, aliitengeneza mwaka 1944, na jina la dawa likatokana na Rita, mkewe, ambaye inasemekana alikuwa akiimeza kabla ya kucheza tenisi. Adderall, nayo ya amfetamini, iliingia sokoni mwaka 1996.

Kijana aliyepimwa na daktari akakutwa na tatizo la kukosa umakini na utulivu hufaidika na dawa hizi, na mhadhara huu hauna ugomvi naye. Unamhusu jirani yake wa bwenini, asiye na tatizo hilo, anayeomba kidonge kimoja usiku wa kuamkia mtihani.

Anachopata ni hamu. Dopamini, kemikali inayochochea hamu, huongezeka katika ubongo, na kitabu kilichokuwa kikimchosha huanza kupendeza. Mwanafunzi wa Nairobi aliyewahi kukesha na miraa hatashangaa: kathinoni iliyomo katika majani yake mabichi inafanana sana na amfetamini kwa umbo lake la kikemia. Lakini je, hamu hiyo ni akili?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walilijibu swali hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023. Watu 40 wenye afya walipewa fumbo la mkoba: kuna vitu vingi, kila kimoja na thamani yake na uzito wake, jaza mkoba upate thamani kubwa kabisa bila kuzidisha uzito. Kila mshiriki alilifanya fumbo kwa siku tofauti, akiwa amemeza dawa mojawapo kati ya tatu za kuchangamsha, au kidonge kitupu kisicho na dawa. Walipomeza dawa walihangaika zaidi: walitumia muda mrefu zaidi, wakaingiza na kutoa vitu mara nyingi zaidi. Thamani waliyoipata mkobani ikashuka. Tena baadhi ya waliokuwa hodari kwa kidonge kitupu ndio walioporomoka.

Miaka kumi kabla yake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa wamewapima vijana 46 waliomeza dawa ya aina hiyo kwa majaribio mbalimbali ya kumbukumbu na ubunifu. Dawa haikuwaongezea kitu cha maana, ila wao wenyewe waliamini wamefanya vizuri zaidi. Hapo ndipo penye mtego. Shahidi anayesimulia bwenini kwamba kidonge kilimfaulisha ni yuleyule ambaye hukumu yake imeguswa na kidonge.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Duke kiliamua kwamba kutumia dawa hizi bila idhini ya daktari ili kujiongezea uwezo wa masomo ni udanganyifu wa kitaaluma. Nia ni njema, ingawa kanuni yenyewe inakitangaza kidonge kwa sifa ambayo maabara haijaithibitisha. Hatari ya kweli iko kwingine: moyo kwenda mbio, presha kupanda, uraibu, na siku hizi vidonge bandia. Mei 2022 Chuo Kikuu cha Ohio State kiliwatahadharisha wanafunzi kuhusu Adderall bandia iliyoonekana kuwa na fentanili, dawa kali ya kulevya inayoweza kuua, baada ya vifo vya wanafunzi wake wawili.

Vidonge halisi navyo mara nyingi hutoka kwa rafiki. Sean Esteban McCabe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichambua majibu ya wanafunzi zaidi ya 230,000 wa shule za sekondari 3,284 za Marekani, ya miaka 2005 hadi 2020. Kuna shule ambazo hakuna hata mmoja aliyekiri kuzitumia vibaya dawa hizi, na nyingine ambako zaidi ya robo walikiri. Na pale wenye cheti cha daktari walipokuwa wengi, matumizi mabaya nayo yalikuwa mengi. Wastani wa taifa basi haumsaidii sana mkuu wa shule. Linalomhusu ni idadi ya wanafunzi wake wanaotibiwa, na kama vidonge vyao vinakaa kwa muuguzi au kwenye begi.